Kumjengea Mwanafunzi wa Kiingereza Stadi za Kuwasiliana na Watu wa Tamaduni Nyingine
Anza na tukio dogo, kwa mfano barua pepe ambayo mwanafunzi anamwomba mhadhiri amwongezee muda, kisha waache wanafunzi wajadili wawili wawili ni maneno gani yangesikika kama amri kwa msomaji wa Kiingereza, ingawa katika lugha yao ya kwanza yana adabu kabisa. Usiiharakishe hatua hii, kwani hapo ndipo mwanafunzi anapogundua kwamba sarufi sahihi pekee haitoshi. Baadaye waiandike barua upya na kueleza sababu ya kila badiliko. Mwaka 1997 Michael Byram, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha, alipinga kumfanya mzungumzaji mzawa, yaani mtu aliyekua akiizungumza lugha hiyo, kuwa kipimo cha mwanafunzi, nami nakubaliana naye kwa dhati: mpime mwanafunzi kwa namna anavyouliza, anavyosikiliza na anavyorekebisha kutoelewana kunapotokea.