Kuagiza gari Japani hadi Dar: anza na kodi, kisha kaba makaratasi

Shemeji yangu anataka gari, na kwa kuwa nimeshawasaidia ndugu na majirani kuagiza ya kwao, maelezo niliyokuwa nikimtumia vipande vipande kwenye WhatsApp nimeamua kuyaweka pamoja. Yanahusu gari dogo la kutembelea, lililotumika, la mtu binafsi, linaloshukia bandari ya Dar es Salaam. Lori na basi vina habari zake.

1. Kodi kwanza, picha baadaye

Usifungue tovuti ya magari kabla hujafungua ya TRA, yaani mamlaka ya mapato. Kuna kikokotoo cha magari yaliyotumika: unachagua aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa jumla ya kodi. Thamani wanayoanzia ni ya kwenye kanzidata yao, si ya ankara yako. Kwa hiyo hata ukipata gari kwa bei ya kutupa, kodi haishuki nayo.

Kinachowaumiza watu ni umri. Chukua gari la cc 1,490 ambalo TRA wanalithamini dola 4,000, nauli ya meli na bima zikiwa ndani. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 1,000. Ushuru wa bidhaa wa injini hiyo ni asilimia 5 ya 5,000 (thamani pamoja na ushuru wa forodha), dola 250. Kama gari limezidi miaka 10, linaongezewa ushuru wa uchakavu, asilimia 30 ya hizo 5,000: dola 1,500. Juu ya yote hayo inakuja VAT ya asilimia 18, dola 1,215. Jumla 3,965, karibu bei ya gari jingine. Gari hilohilo likiwa na miaka kati ya 8 na 10, uchakavu ni asilimia 15 na jumla inashuka hadi 3,080. Likiwa chini ya miaka 8 uchakavu haupo, unabaki na 2,195. Bado tozo nyingine ndogo, kama ya reli na ada ya forodha. Viwango huguswa kila bajeti ya Juni, hivyo kiamini kikokotoo kuliko hesabu yangu.

Ndiyo maana gari la bei ya chini lenye miaka 12 mara nyingi linakugharimu sawa na lenye miaka 7, na la miaka 7 ndilo zima zaidi.

2. Karatasi ya mnada

Magari mengi yanayouzwa nje yamepita mnadani Japani, na kila moja lina karatasi ya ukaguzi. Muuzaji anayesita kukupa karatasi hiyo, mwache. Picha zinapigwa gari likiwa limeoshwa. Karatasi imeandikwa na mkaguzi asiye na gari la kuuza.

Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linavumilika. R na RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Kuna watakaokwambia RA ni kugongwa kidogo tu. Mimi silinunui. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba inayofuata inaonyesha ukubwa: A1 hutaiona, A3 utaiona ukiwa ng'ambo ya barabara. S ndiyo ya kuogopa zaidi, hasa kwa gari la kaskazini kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Omba picha za chini ya gari.

3. Malipo

Lipa kwa TT (uhamisho wa fedha wa benki kwa benki) kutoka benki yako kwenda akaunti yenye jina la kampuni lililo kwenye proforma, ile ankara ya awali. Akaunti ya mtu binafsi, hapana. Barua pepe ikija kwamba "tumebadilisha benki", piga simu kwa namba uliyokuwa nayo mwanzo, si ile iliyo kwenye barua hiyo. Omba bei ya CIF Dar (gari, bima na nauli ya meli hadi Dar) badala ya FOB (gari hadi melini Japani tu), ili usigundue nauli ya meli baadaye.

4. Makaratasi: hapa tulia

Hatua nyingine zote ukiteleza unaweza kuokota. Hapa ukiteleza gari linakaa bandarini, na tozo ya kuhifadhi inahesabiwa kila siku.

Utahitaji vitatu kutoka kwa muuzaji: ankara, BL (hati ya mzigo ya kampuni ya meli), na cheti cha Japani cha kufuta usajili kikiwa na tafsiri yake. Vyote vitatu lazima viseme kitu kimoja kuhusu mambo mawili: jina lako na namba ya chasisi.

Jina liwe lile lililo kwenye TIN (namba yako ya mlipakodi), herufi kwa herufi. Ally si Ali, Mohamed si Mohammed. Jirani yangu alimwandikia muuzaji jina la Facebook, BL ikatoka nalo, na kuja kulisafisha kulichukua muda mrefu kuliko kutoa gari lenyewe. Usimwambie muuzaji jina lako kwa mdomo au kwa meseji. Mtumie picha ya cheti cha TIN, umwambie anakili hivyo hivyo. Kama gari ni la mkeo au la mzazi, BL iandikwe jina lake tangu mwanzo.

Namba ya chasisi ya gari la soko la Japani haina tarakimu 17 kama ya Ulaya au Marekani. Ni modeli, kistari, kisha namba: mfano NCP60 ikifuatiwa na tarakimu za gari lako. Watu huchanganya 0 na O, 8 na B. Omba picha ya namba yenyewe iliyogongwa kwenye bodi, uisome mwenyewe ukiilinganisha na kila karatasi. Usisome haraka. Soma kwa kidole, mara ya pili mpe mtu mwingine akutajie.

Kisha kuna mwaka. Cheti cha Japani kinaonyesha mwezi gari liliposajiliwa mara ya kwanza, si lilipotengenezwa, na TRA wanahesabu umri kwa mwaka wa kutengenezwa. Gari lililotoka kiwandani Novemba likasajiliwa Februari limeshazeeka mwaka mzima kwenye kodi. Ukiona usajili wa Januari hadi Machi, shtuka: ingiza namba ya chasisi kwenye katalogi ya spea mtandaoni uone mwezi wa kutoka kiwandani, na omba picha ya lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa kiti, maana huwa na tarehe. Kama mkanda ulishabadilishwa lebo itakudanganya, kwa hiyo tumia vyote viwili. Ukikuta mwaka wa Kijapani kwenye cheti, Heisei jumlisha 1988, Reiwa jumlisha 2018: Heisei 25 ni 2013, Reiwa 2 ni 2020.

La mwisho, na ndilo ningelibandika ukutani: omba rasimu ya BL kabla ya ile halisi kutolewa. Kosa kwenye rasimu linarekebishwa kwa barua pepe moja. Meli ikishaondoka, marekebisho yanapitia kwa muuzaji, kampuni ya meli na forodha, na karibu kila mlango unadai ada yake.

5. Kutoa gari

Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni meli ikiwa bado baharini. Mtake aandike gharama moja moja: kodi, bandari, kampuni ya meli, ada yake. Akikupa jumla moja tu, tafuta mwingine. Yeye ataandaa TANSAD (fomu ya tamko la forodha), wewe utapewa namba ya malipo, na kodi unailipa mwenyewe benki. Usimpe fedha ya kodi mkononi hata kama ni binamu yako. Gari lazima pia lipite ukaguzi wa TBS, shirika la viwango.

Siku ya kulichukua kagua spea taya, jeki, redio na ufunguo wa pili kabla hujasaini.

6. Namba na barabara

Wakala anamaliza usajili TRA, unapata kadi na namba za njano, unakata bima. Badilisha oili ya injini na ya gia kabla ya safari ndefu, bila kujali stika ya Kijapani inasema nini. Redio itakamata stesheni chache tu, kwa sababu FM ya Japani inaanzia 76 na redio nyingi za huko zinaishia 90. Fundi wa redio atakuwekea kifaa kidogo cha kuhamisha masafa. Usikubali akuuzie redio nzima.