SOMO: Pikipiki na baridi ya Juni hadi Agosti, kwa sisi wa Arusha na Moshi

Masika yamekwisha, mawingu yameukalia mlima Meru, na alfajiri ukitoa pumzi unauona moshi wako mwenyewe. Niseme mapema: baridi yetu haiui injini. Usiku wa mwezi wa saba Arusha inashuka hadi nyuzi 10 au 12 hivi, na kwa chuma hiyo si kitu. Kinachotusumbua ni maji: ukungu, manyunyu, na umande unaoingia mahali usipopaona.

Hatua ya 1: Anza jioni

Tenki lenye petroli ya buku mbili limejaa hewa, na hewa hiyo ina unyevu. Usiku bati likipoa, unyevu unageuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanazama chini kabisa, na huko ndiko inakonyonya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Jaza tenki kabla ya kulala. Najua wengi wetu tunaweka mafuta ya kutwa tu. Basi walau lisilale tupu.

Haya nimeyajua kwa kuumia. Mwezi wa saba mmoja nilinunua petroli ya chupa njiani usiku, nikalala nayo Ngaramtoni. Alfajiri nikapiga kiki mpaka jasho likanitoka kwenye baridi ile. Abiria wangu wa kila siku akaniangalia kidogo, akapanda ya jirani. Fundi alikuja na bisibisi na chupa tupu ya maji. Akafunga koki ya petroli chini ya tenki, akalegeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, akakinga. Petroli ikatulia juu, na chini yake likakaa tone kubwa la maji. Ukiinamisha chupa linabingirika kama shanga. Kazi nzima dakika tano. Siku hizi skrubu ile naifungua mwenyewe kila Jumapili msimu huu, injini ikiwa imepoa na pasipo mtu wa sigara karibu.

Ukifunika pikipiki, turubai lisiibane. Nailoni iliyobana inafuga unyevu, asubuhi unaikuta imelowa kuliko iliyolala nje.

Hatua ya 2: Kuwasha

Hapa ndipo wengi tunaharibu. Petroli ya baridi ni mvivu kugeuka mvuke, ndiyo maana ikawekwa choki: inapunguza hewa ili petroli izidi. Funguo ikiwa bado haijawashwa, piga kiki mbili tatu za taratibu oili itembee. Kisha washa funguo, vuta choki yote, usiguse mkono wa mafuta, piga kiki moja ya uhakika. Ikishika, iache ingurume yenyewe nusu dakika, rudisha choki nusu, ondoka polepole. Baada ya mita mia chache rudisha yote.

Kile kitendo cha kuikaba mkono wa mafuta ipige kelele mtaa mzima uamke hakipashi injini. Kinasaga chuma ambacho oili bado haijakifikia vizuri.

Ikigoma na unasikia harufu ya petroli, acha. Plagi, ile inayotoa cheche, imelowa. Ifungue, ifute, iache ikauke, rudisha. Kama huna spana ya plagi, rudisha choki, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga kiki kadhaa ili hewa ipite. Wenye stata: usibonyeze zaidi ya sekunde 5 kwa mkupuo, pumzisha betri kwanza.

Hatua ya 3: Oili

Kuna wauzaji watakwambia msimu huu uhamie oili nyepesi. Pikipiki nyingi za kazi hapa kwetu zinatumia 20W-50 (namba ya uzito wa oili, imeandikwa kwenye kopo), na kwa nyuzi 10 inatosha kabisa. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Ila usiweke oili yoyote tu ya gari: klachi ya pikipiki inaogelea humo humo kwenye oili ya injini, na oili isiyo yake huifanya iteleze.

Fungua kifuniko cha oili mara moja kwa wiki. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, ni maji yamechanganyika na oili. Mara nyingi huwapata wanaopiga vitripu vifupi vya mjini Arusha, Sanawari hadi Kilombero tu, injini haipati muda wa kuchemka ikatoa unyevu. Ipeleke safari ya nusu saa, kisha mwaga oili mapema. Utando ukirudi haraka, mwone fundi.

Hatua ya 4: Betri

Baridi inalegeza betri. Iliyokuwa inajikongoja mwezi wa tatu itakufia mwezi wa saba. Pima asubuhi kabla ya kuwasha: betri nzima inasoma volti 12.6 au zaidi. Chini ya 12.4, ipeleke ikachajiwe. Kama ni ya maji, ongeza maji safi ya betri mpaka kati ya mistari miwili. Maji, si asidi. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe visugue, paka grisi.

Hatua ya 5: Cheni

Cheni ikilala na manyunyu inaamka na kutu. Kwa hiyo paka oili jioni ukirudi, ikiwa bado ina joto la safari, upande wa ndani unaogusa sproketi, yale magurudumu ya meno. Asubuhi ukipaka unaipaka juu ya maji. Injini izimwe, zungusha tairi kwa mkono. Vidole na cheni inayozunguka haviishi vizuri.

Hatua ya 6: Matairi na breki

Joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi linapoteza karibu paundi moja ya upepo. Pima asubuhi, tairi likiwa la baridi. Breki za ngoma zikilowa, zikanyage kidogo kidogo mita za mwanzo zikauke, kabla hujakutana na daladala la kwanza.

Hatua ya 7: Wewe mwenyewe

Vidole vikifa ganzi hushiki breki kwa wakati. Glovu, na kitu cha kuzuia upepo kifuani. Shuka ni tamu kwa baridi, lakini ifunge ndani ya koti, na mwangalie mama aliyekaa nyuma na kitenge chake. Ncha moja ikinaswa na cheni ni balaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, yangu inawaka vizuri na choki, nikiirudisha tu inazima. Niko Kibosho.
Kama inazima hata baada ya kupata moto, jeti ndogo ya kabureta, kile kitundu cha kupitisha petroli, imeziba. Isafishwe kwa upepo, isichokonolewe kwa waya. Tundu likipanuka umenunua jeti mpya. Na usizoee kutembea na choki imevutwa, plagi itajaa masizi.

Sisi wa Moshi mjini kuna joto, haya yanatuhusu?
Mjini mko chini, kweli. Lakini si mnapeleka abiria Machame na Marangu? Mkishuka, msizime injini na kuserereka nyutro ili kuokoa mafuta. Injini inapoa, breki ndizo zinazochemka, na kwenye lami yenye ukungu hamna gia ya kuwashika. Shukeni na gia ya pili au ya tatu.

Yangu ni mpya, haina choki wala kabureta. Nifanyeje?
Hiyo inajipimia mafuta yenyewe. Washa funguo, subiri mlio mdogo wa pampu uishe, ndipo uwashe. Betri yako ndiyo roho yake, rudia Hatua ya 4.

Fundi, mume wangu anasafiri wiki sita, pikipiki inabaki Njiro. Sitaki aikute imekufa.
Dada, ajaze tenki kabla ya kuondoka, afunge koki, aiache ingurume mpaka izime yenyewe, kabureta ibaki kavu. Achomoe waya hasi wa betri, aisimamishe kwa stendi ya kati. Wewe usiiwashe dakika mbili mbili kila wiki. Hiyo ndiyo inayoleta ile chai ya maziwa.

Mimi nalala nayo chumbani kwa kuogopa wezi. Naweza kuweka jiko la mkaa karibu ili asubuhi iwake haraka?
Hapana, hapana kabisa. Mvuke wa petroli na mkaa unaowaka ni moto wa nyumba nzima, na hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua mtu amelala, haina hata harufu ya kukustua. Wala usiiwashe humo ndani, moshi wake una sumu hiyo hiyo. Isukume nje kwanza, ndipo upige kiki. Na kama kuna mahali pengine pa kuifunga kwa mnyororo, usilale nayo.