Gari la spoti la kujiundia limegongwa? Pima chasisi kimshazari

Ukitaka kulinunua gari la namna hii, bodi iliyopasuka isikutishe, faibaglasi inazibika. Ingia chini na futi ya mkanda: pima kutoka boliti ya sasipensheni ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha upande wa pili. Chasisi ya mabomba iliyo sawa hutoa vipimo viwili vinavyolingana. Vikipishana zaidi ya milimita 5 hivi, imepinda; mimi huondoka, labda muuzaji akubali bei ya injini na giaboksi tu. Usipimie kwenye matairi, usukani ukikata kidogo umeshadanganyika.

Njia hii hushindwa gari likigongwa puani moja kwa moja, maana pande zote hufupika sawasawa. Hapo tafuta rangi iliyobanduka kwenye maungio ya kuchomelea.