Somo: Kupima kerneli ya Linux kwa pamoja, sisi wa Lamu

Assalaam aleikum jamaa. Toleo jipya la kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na kila moja hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Hakuna mtu wa kuyapima yote peke yake. Ndiyo maana ipo KernelCI, mradi ulio chini ya Linux Foundation tangu 2019, unaokusanya matokeo kutoka maabara za watu mbalimbali. Sisi tuna laptopu na Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo za bodi moja. Zatosha kuanzia.

Hatua ya 1: Kerneli moja kwa wote. Msimbo pamoja na historia yake ni gigabaiti kadhaa, basi kila mtu asimalize bando lake. Mmoja aushushe wote kwa `git clone` (Git ni programu inayotunza msimbo na historia yake), diski izunguke Langoni hadi Shela, kisha kila mmoja avute mapya tu kwa `git fetch`. Msitumie `--depth=1`: mtapata msimbo bila historia, na hatua ya 4 itawashinda. Kubalianeni toleo, kompaila (programu inayojenga kerneli kutoka kwenye msimbo) na faili la `.config`, lenye mipangilio ya ujenzi huo. Msipokubaliana hapa, matokeo yenu hayalinganishiki na kazi yote ni bure.

Hatua ya 2: KUnit, majaribio madogo ya vipande vya kerneli. Imo ndani ya kerneli tangu toleo 5.5 la 2020. Andika:

`./tools/testing/kunit/kunit.py run`

Hujenga kerneli ikaendeshwa kama programu ya kawaida, bila kuwasha mashine upya wala kuwa root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote.

Hatua ya 3: kselftest, majaribio yanayokuja pamoja na msimbo wa kerneli. Haya hupima kerneli inayoendeshwa wakati huo, na mengine huiangusha. Yaendesheni ndani ya QEMU (programu inayoiga kompyuta nzima), si kwenye laptopu yenye kazi zako. Soma matokeo mstari kwa mstari: `ok` imefaulu, `not ok` imefeli, na `ok` yenye `# SKIP` haikupimwa kabisa. Nasisitiza hili la mwisho. Ukihesabu SKIP kuwa ushindi, unamwambia mwenzako njia ni salama hali hukuipita.

Hatua ya 4: Kumsaka mkosaji. Jaribio lililofaulu toleo lililopita likifeli leo, `git bisect` hugawa mabadiliko nusu kwa nusu, nanyi mnapima kila mara, mpaka libaki badiliko moja lililoleta hitilafu. Mabadiliko 10,000 huishia kwenye duru kama 14 hivi. Andikeni skripti, muikabidhi kwa `git bisect run`: irudishe 0 jaribio likifaulu, 1 likifeli, na 125 kerneli ikikataa kujengwa. Bila hiyo 125, badiliko lisilo na hatia litabebeshwa lawama.

Hatua ya 5: Ripoti. Amri ya `scripts/get_maintainer.pl` itakupa wahusika. Tuma namba ya badiliko, `.config`, logi nzima na amri uliyotumia. "Imefeli kwangu" peke yake haimsaidii mtu.

Maswali

*Langoni:* Shekhe, umeme ukikatika katikati ya bisect, naanza upya?

Hapana. Git huhifadhi ilipofikia. Washa, toa ile amri ya `run` tena, itaendelea. Ila weka nakala ya `git bisect log` pembeni.

*Shela:* Jaribio lafeli kwenye Pi yangu, kwenye laptopu ya mwenzangu lafaulu. Nani mkweli?

Huenda nyote wawili, dada yangu. Pi yako ni arm64, laptopu ni x86_64, aina mbili tofauti za prosesa, na zipo hitilafu zinazojitokeza upande mmoja tu. Kwanza linganisheni mafaili yenu ya `.config` kwa `scripts/diffconfig`, kisha rudia jaribio mara kadhaa. Likifeli kila mara, ripoti. Likifeli mara moja moja, ripoti pia, ila useme hivyo wazi.

*Mokowe:* Sijui C, lugha iliyoandikiwa kerneli. Nina nafasi?

Unayo, tena kubwa. Kumpata mkosaji kwa bisect hakuhitaji kuandika hata mstari mmoja wa C, na hitilafu ikitengenezwa, jina lako huandikwa kwenye historia ya kerneli kwa `Reported-by`. Ukikijaribu kiraka chenyewe (badiliko linalotengeneza hitilafu) kikafaa, jibu barua ya wahusika na uwape `Tested-by` yako. Njoo na laptopu, diski iko kwangu.