Kwadi imegoma kuzunguka: jinsi ya kujua kama injini imekamata kweli

Kwadi nyingi, yaani pikipiki za matairi manne, hufika kwangu juu ya kirikuu, na hukumu imeshatolewa: "Fundi, injini imekamata, nitafutie nyingine." Zipo zilizokamata kweli, yaani vyuma vya ndani vimeshikana visizunguke. Lakini nimepokea pia zilizokuwa na betri mbovu tu, zenye mkanda uliokatika ukajiviringisha kwenye puli, na zenye maji juu ya pistoni, na mwenye chombo alikuwa ameshaanza kukopa hela ya injini. Hilo huniuma. Ndiyo maana nauandika utaratibu ninaoufuata, kwa kwadi za silinda moja za foo stroku, ambazo ndizo nyingi huku pwani ya Unguja.

Kabla ya yote, acha kubonyeza stata. Kama ndani ya silinda kuna maji, stata inasukuma pistoni dhidi ya kitu kisichobanika, na kinachopinda ni konirodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki. Niliwahi kuletewa kwadi iliyozimika kwenye maji ya bahari wakati yanajaa. Aliyekuwa nayo aliibonyeza mpaka betri ikaisha, akaleta betri nyingine, akaendelea. Ingetolewa plagi pale pale, ingepona. Nilipoifungua, konirodi ilikuwa imepinda kama kijiko.

Hatua ya 1: Uliza ilizimikaje

Usiguse spana kabla ya kupata jibu. Ilipita majini? Ilichemka? Oili ilitazamwa lini? Ilikuwa inagonga kabla ya kuzima? Au iliwekwa tu bandani msimu mzima wa masika, na leo haitaki? Iliyozima ghafla ikiwa mbioni, matairi ya nyuma yakajifunga yakaburuza, hiyo nenda nayo ukijua pengine imekamata. Iliyolazwa nzima na kuamka mbovu mara nyingi ni kutu au umeme.

Hatua ya 2: Umeme

Pima betri. Ikiwa imejaa na imetulia inasoma karibu volti 12.6; chini ya 12.2 ichaji kwanza. Kisha, kama jibu la Hatua ya 1 halina maji, shika stata mara moja tu, kwa sekunde moja, mita ikiwa juu ya betri. Volti zikianguka chini ya 10, ama betri imechoka ama stata inahangaika na kitu kizito. Zisiposhuka kabisa na unasikia "tak" moja, shuku rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye stata), waya wa hasi ulioliwa na chumvi, au stata yenyewe. Huku kwetu waya wa hasi ndio mkosaji wa mara kwa mara. Upige msasa mpaka shaba ing'ae.

Hatua ya 3: Oili

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji. Ikikosekana kabisa, au ikinuka kuungua, andaa moyo. Imwage kwenye beseni safi, uitazame juani: punje za fedha zinazometameta ni za pistoni au beringi, na sumaku ikizinasa ni za chuma, yaani beringi au gia. Usiitupe mpaka umemaliza uchunguzi.

Hatua ya 4: Toa plagi, zungusha kwa mkono

Hapa ndipo penye jibu, basi usiende mbio. Puliza kwanza upepo kuzunguka plagi, mchanga usidumbukie ndani. Ukiitoa, weka waya wake mbali na tundu na usipige stata, maana mvuke wa petroli ukikutana na cheche unawaka.

Fungua kifuniko cha upande wa flaiwili, gurudumu lenye sumaku, ili uipate nati ya kranki shafti. Kwenye mashine za mkanda unaweza pia kuitumia nati ya puli ya mbele, kwa sababu puli hiyo imekaa juu ya kranki yenyewe. Weka gia kwenye nyutro. Tumia soketi na mpini mfupi, usiozidi urefu wa kiganja na nusu. Mpini mrefu unakunyima hisia za mkono, na hisia ndiyo kipimo chako. Anza kuvuta upande unaoikaza nati.

Maji au petroli ikichuruzika kutoka tundu la plagi, shukuru Mungu: haikukamata, ilizibwa. Izungushe taratibu mpaka ikauke, tia oili kidogo kwenye tundu, badilisha oili ya injini mara mbili au tatu mpaka isirudi nyeupe, na ufanye hayo siku hiyo hiyo. Maji ya chumvi hayangoji kesho. Petroli ikiwa ndiyo iliyojaa, tazama sindano ya kabureta na boya lake.

Ikizunguka, usiridhike na nusu mzunguko. Peleka mizunguko miwili kamili ya kranki, maana valvu humaliza kazi yake ndani ya miwili, si mmoja.

Hatua ya 5: Vua vinavyoizuia kutoka nje

Bado haisogei? Toa stata; jino lake likinasa kwenye gia, injini nzima husimama. Fungua nyumba ya mkanda, utoe mkanda mzima au vitambaa vyake. Chungulia flaiwili: sumaku iliyobanduka hujibana ikawa kama kabari, na kutu ya maji ya bahari huigandisha. Jaribu tena baada ya kila kimoja. Kranki ikilegea baada ya mkanda kutoka, ugonjwa ni mkanda wenyewe au uko nyuma, kwenye gia boksi au difu, na hedi (kichwa cha silinda) haina kosa.

Hatua ya 6: Sikiliza inavyogoma

Inasogea kisha inagota kwa mlio mkavu wa chuma, mahali pale pale kila mara: valvu imegusana na pistoni, au cheni ya taimingi, inayoendesha valvu, imeruka. Haisogei hata unywele: pistoni imeshikana na silinda, au beringi ya kranki imekufa. Inasogea kwa uzito kama imepakwa gundi: mara nyingi kutu changa kwenye ringi, na hiyo ina matumaini. Kama una kamera ndogo ya waya ya kuunganisha na simu, ipitishe tundu la plagi uone ukuta wa silinda.

Kwa kutu, changanya oili nyekundu ya gia boksi ya otomatiki na dizeli, mimina kwenye tundu, uache siku mbili au tatu, ukiongeza asubuhi na jioni. Kisha tikisa kidogo mbele na nyuma. Usiifunge kwenye gari ikavutwa. Ringi iliyoganda ikilazimishwa huvunjika na kuchora silinda uliyotaka kuiokoa.

Hatua ya 7: Fungua kutoka juu kwenda chini

Toa kifuniko cha valvu, legeza kikaza cheni, vua kamshafti, shafti inayofungua valvu. Kranki ikizunguka sasa, kilichokamata ni kamshafti kwenye vikalio vyake, na maana yake oili haikufika juu. Ikigoma, toa hedi, kisha silinda. Mikwaruzo iliyo zaidi upande wa ekzosi inaonyesha joto kali, kwani upande huo ndio moto zaidi. Mikwaruzo ya kuzunguka pistoni yote inaweza kuwa ya ukavu wa oili au ya joto lililozidi. Silinda ikishatoka na kranki bado ni jiwe, gusa konirodi: kichwa cha chini kilichobadilika kuwa bluu kiliungua.

Usinunue pistoni kabla hujampata aliyeiua. Fungua pampu ya oili, pima meno yake na uipulize njia ya oili mpaka upepo utokee kwenye hedi. Osha rejeta kutoka ndani kwenda nje, uhakikishe feni inawaka. Kisha toa chujio la hewa na upitishe kidole ndani ya bomba, upande wa injini. Kidole kikitoka na unga mweupe wa matumbawe, chujio lilikuwa linapitisha vumbi, na silinda mpya italiwa vile vile. Badilisha chujio pamoja na klampu yake.