Namna ya Kutoa Maoni juu ya Wiki ya Mpira wa Vyuo vya Marekani Ukiwa Mbeya

Anayetaka maoni yake kuhusu wiki moja ya mpira wa vyuo vya Marekani (si soka, bali ule mpira wa Kimarekani wa kurusha na kukimbia nao mikononi) yasikilizwe hana budi kuanza kazi Ijumaa jioni, kabla mechi za Jumamosi hazijachezwa. Chukua daftari la kawaida la shule, fungua ukurasa mpya, kisha uchore mistari ili upate safu nne: mechi, nilichotarajia, kilichotokea, na sababu. Safu ya pili ijazwe kwa kalamu ya wino siku hiyohiyo ya Ijumaa, kwa sababu iliyoandikwa kwa penseli hufutika, na binadamu akishajua matokeo husadiki kwamba aliyajua tangu mwanzo. Hapa mtaani Soweto, Mbeya, tunapokutana watu wachache wenye mapenzi na mchezo huu, yupo mjomba mmoja fundi wa magari ambaye kila Jumatatu alikuwa akitufungulia mazungumzo kwa "Si niliwaambia?" Tangu tulipoanza kudaiana madaftari, sentensi hiyo imepungua sana kinywani mwake, na kusema kweli hata kinywani mwangu.

Kwa msomaji aliyezoea soka, sheria zinazohitajika ili kuanza si nyingi. Kila upande una wachezaji 11 katika uwanja wa yadi 100, ukiacha maeneo ya kufungia yenye kina cha yadi 10 kila mwisho, na mechi ina robo nne za dakika 15. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa hupoteza mpira. Kuufikisha mpira katika eneo la kufungia, yaani tachidauni, ni pointi 6, na baada yake huwa na nafasi ya kuongeza pointi 1 kwa teke au 2 kwa kuingia tena. Kupiga mpira ukapita katikati ya milingoti ni pointi 3. Mwenye kuwapangia wenzake na kurusha mpira huitwa kwotabeki, na lawama nyingi za Jumapili humwangukia yeye, kama kwetu zinavyomwangukia kipa.

Jambo la pili ni saa. Mechi za Jumamosi katika majimbo ya mashariki ya Marekani kwa kawaida huanza adhuhuri, saa tisa na nusu alasiri, na saa moja na nusu jioni, kwa namna tunavyohesabu sisi. Kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba tofauti yetu nao ni saa saba, kwa hiyo hapa Mbeya mechi hizo huanguka saa 1:00 usiku, saa 4:30 usiku, na saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumapili. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, nasi tunabaki palepale, hivyo kila mechi husogea mbele kwa saa moja. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Nilikaa na blanketi mabegani na simu mkononi kwa saa nzima nikitazama uwanja mtupu. Kibanda umiza hakitakusaidia, kwa maana mwenye kibanda hawezi kuacha mechi ya Uingereza au ya Simba na Yanga ili akuwekee chuo cha Nebraska.

Hapo ndipo suala la kifurushi linapoingia, na wengi huharibikiwa hapa. Madaraja ya juu yana timu zaidi ya 130, na Jumamosi moja huweza kuwa na mechi zaidi ya 50. Mwenye kifurushi kidogo hushawishika kutazama vipande vya dakika kumi kumi vya mechi nane, akaamini ameiona wiki. Vipande hivyo huchaguliwa kwa ajili ya kusisimua, kwa hiyo huonyesha mpira mrefu uliorushwa na kudakwa, lakini havionyeshi jaribio la tatu lililoshindikana kwa yadi moja, wala timu inayosukumwa nyuma polepole kwa nusu saa. Ushauri wangu ni kwamba utazame robo mbili kamili za mechi moja, hasa ya pili na ya nne, kisha mechi nyingine mbili uzisome kwa maandishi katika orodha ya mashambulizi, ambayo hueleza kila shambulizi lilianzia yadi ipi, likachukua majaribio mangapi, na likaishaje. Maandishi hayo hayamalizi kifurushi, na humfundisha mtu kuliko picha. Mechi tatu zilizofahamika zinatosha kabisa kwa maoni ya wiki. Anayezungumzia mechi ishirini anasimulia matokeo tu.

Ukishapata matokeo, usiyaamini mpaka uyakague. Tarehe 24 Novemba 2018, Texas A&M iliifunga LSU kwa pointi 74 kwa 72, na mtu anayesoma namba hizo bila kuuliza atasema timu zote mbili hazikuwa na ulinzi. Ukweli ni kwamba dakika 60 zilimalizika kwa 31–31, na pointi zote zilizobaki zilipatikana katika vipindi saba vya nyongeza, ambamo kila timu hupewa mpira ukiwa tayari yadi 25 kutoka eneo la kufungia. Sheria za nyongeza zilibadilishwa baadaye, na Oktoba 2021 Illinois iliishinda Penn State 20–18 baada ya nyongeza tisa, kwa kuwa kuanzia nyongeza ya tatu timu hubadilishana majaribio ya pointi 2 pekee. Mechi hizo mbili zote ziliishia kwa tofauti ya pointi mbili baada ya nyongeza nyingi, lakini moja ikatoa jumla ya pointi 146 na nyingine 38. Kwa hiyo andika kwanza matokeo ya dakika 60, ndipo uandike ya mwisho.

Tenganisha pia kile timu ilichokifanya na kile kilichoiangukia. Mpira wenyewe si duara. Una umbo la parachichi lililochongoka pande zote mbili, na yeyote aliyewahi kumwaga kiroba cha maparachichi ya Rungwe kwenye mteremko anajua kwamba hakuna anayeweza kutabiri lipi litakwenda wapi. Mpira ukimdondoka mchezaji, kuudondosha kunaweza kuwa kosa lake, na kuung'oa mikononi mwake kunaweza kuwa ustadi wa adui, lakini nani atakayeuokota ni suala la bahati kwa kiasi kikubwa. Timu iliyookota mipira mitatu ya namna hiyo wiki hii isitegemewe kuokota mitatu wiki ijayo. Kipimo kinachodumu zaidi ni wastani wa yadi kwa kila jaribio, ukiacha robo ya mwisho endapo mshindi alikuwa ameshaingiza wachezaji wa akiba.

Nitaonyesha kazi hii kwa mechi moja ambayo bado inanisumbua. Tarehe 28 Septemba 2024 Alabama iliifunga Georgia 41–34, ikapanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya ubora ya wanahabari wa AP, shirika la habari la Marekani. Wiki iliyofuata, tarehe 5 Oktoba, ilikwenda Nashville kucheza na Vanderbilt, timu ambayo mwezi huohuo wa Septemba ilikuwa imefungwa na Georgia State, chuo kingine kisicho Georgia ile; Vanderbilt haikuwa imeifunga Alabama tangu 1984, na ilikuwa imekutana mara 60 na timu zilizo katika tano bora za orodha hiyo bila kushinda hata mara moja. Vanderbilt ikashinda 40–35, na mashabiki wake wakang'oa milingoti ya goli, wakaibeba hadi Mto Cumberland, wakaitupa majini.

Maoni ya kivivu yalikuwa kwamba ni muujiza. Maoni ya kivivu zaidi yalikuwa kwamba Alabama haifai. Aliyekuwa na daftari angeweza kurudi ukurasa mmoja nyuma na kuona kwamba dhidi ya Georgia, Alabama iliongoza 28–0, ikaruhusu kupitwa kwa 34–33, na kuokolewa na tachidauni ya yadi 75 ya Ryan Williams, kijana wa miaka 17. Dalili ya ulinzi unaochoka ilikuwepo, ila furaha ya ushindi iliifunika. Angeangalia pia kwotabeki wa Vanderbilt, Diego Pavia, angekuta kwamba Novemba 2023, akiwa New Mexico State, alikwenda Auburn, chuo kingine kikubwa cha jimbo la Alabama, na kushinda 31–10. Huyo si kijana aliyekuwa akikutana na timu kubwa ya jimbo la Alabama kwa mara ya kwanza na kutetemeka.

Baada ya hapo ndipo upime bahati. Mapema katika mechi ile, mpira uliorushwa na kwotabeki wa Alabama uliguswa, ukapaa, ukanaswa na mlinzi wa Vanderbilt aliyekimbia nao hadi tachidauni. Mechi iliyoamuliwa kwa pointi 5 haiwezi kusimuliwa bila kulitaja tukio hilo, na shabiki wa Alabama ana haki ya kulilia. Lakini Vanderbilt ilikaa na mpira kwa takriban dakika 42 kati ya 60, na dakika 42 hazitokani na mpira mmoja uliopaa. Zinatokana na kushinda jaribio la tatu tena na tena, yadi nne, yadi sita, yadi tatu, huku mpinzani mwenye vipaji zaidi amekaa benchi akitazama saa. Kwa hiyo maoni yangu ya wiki ile yaliandikwa hivi: bahati iliifungulia Vanderbilt mlango, lakini nyumba waliingia kwa miguu yao.

Jihadhari, hata hivyo, na kutoa hukumu ya msimu kutokana na wiki moja, kosa ambalo mchezo huu humshawishi mtu kulifanya kuliko mchezo wowote ninaoujua. Katika ligi yetu kuu timu hucheza mechi 30, na Prisons ikipoteza Sokoine Jumamosi ina miezi ya kujirekebisha. Timu ya chuo cha Marekani hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali za makundi ya vyuo na mtoano wa ubingwa, ndiyo maana kila kipigo huonekana kama msiba. Tarehe 7 Septemba 2024 Notre Dame, iliyokuwa ya tano nchini, ilifungwa nyumbani 16–14 na Northern Illinois, chuo kidogo kilichokuwa kimelipwa zaidi ya dola milioni 1 ili kije kucheza pale. Wengi waliizika Notre Dame jioni ileile. Ohio State nayo tarehe 30 Novemba ilifungwa nyumbani na hasimu wake Michigan 13–10, na kelele za kutaka kocha aondolewe zikasikika hadi huku nyanda za juu. Tarehe 20 Januari 2025, katika fainali ya kwanza tangu mtoano upanuliwe kutoka timu 4 hadi 12, waliokutana Atlanta walikuwa nani? Ohio State na Notre Dame, na Ohio State ikatwaa ubingwa kwa 34–23.

Hii haina maana kwamba kipigo kipuuzwe. Maana yake ni kwamba uulize kimetokana na nini, na kama kinaweza kutibiwa. Dhidi ya Michigan, Ohio State iliendelea kukimbiza mpira katikati, mahali ambapo Michigan ilikuwa imara zaidi, ilhali warushaji na wadakaji wake walikuwa hazina yake kubwa. Huo ni ugonjwa wa mipango, na mipango hubadilika kwa wiki tatu. Katika mechi iliyofuata iliifunga Tennessee 42–17. Ingekuwa ni ukosefu wa wachezaji wenye nguvu mstari wa mbele, hakuna kocha ambaye angewapata Desemba.

Orodha za ubora uzisome ukiwa umemaliza, si kabla. Ile ya AP, iliyoanza 1936, kwa kawaida hutoka Jumapili, na kwetu huwa ni usiku. Ile ya kamati inayochagua timu za mtoano hutoka Jumanne jioni kwao kuanzia Novemba, nasi huikuta asubuhi ya Jumatano. Panga timu zako kumi kwanza, kisha linganisha. Ukitofautiana nao kwa nafasi moja au mbili, nyamaza. Ukitofautiana kwa nafasi saba, hapo una la kusema, na unapaswa kulisema kwa sababu zilizo katika safu ya nne. Lugha nayo iwe ya heshima, kwa kuwa unaowazungumzia ni vijana wa chuo, hata kama tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao. Kocha anayelipwa mamilioni mkosoe upendavyo.

Wiki ikiisha, rudi kwenye safu ya pili na uandike pembeni yake, kwa wino mwekundu, pale ulipokosea. Usichane ukurasa. Wangu wa tarehe 5 Oktoba 2024 bado una maneno "Alabama, tofauti ya pointi 20 au zaidi," na mjomba fundi hulifungua daftari langu hapohapo kila anapotaka kiti changu karibu na jiko.