Kuchambua amri na hoja katika programu ya mstari wa amri kwa Python

Mtumiaji anapoandika `python daftari.py weka 5000 --maelezo "mauzo ya sukari"`, programu yako haipokei sentensi hiyo ilivyo. Sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali, huisoma kwanza, huikata penye nafasi, huondoa alama za kunukuu, kisha vipande vilivyobaki hufika kwako katika orodha iitwayo `sys.argv`, ambayo kipande chake namba 0 ni jina la programu yenyewe. Alama za kunukuu zisingekuwapo, maneno "mauzo", "ya" na "sukari" yangefika yakiwa vipande vitatu. Vipande vyote ni maandishi, hata hiyo 5000.

Unaweza kuvichambua kwa mkono, lakini mtumiaji akisahau kuandika kiasi, programu itakufa kwa kosa la `IndexError` ambalo muuza duka hawezi kulielewa. Tumia `argparse`, moduli inayokuja na Python yenyewe tangu matoleo ya 2.7 na 3.2.

Kabla ya kuandika msimbo, pangia amri zako sarufi: kile ambacho kazi haiwezi kufanyika bila yake kiwe hoja ya nafasi (inayotambuliwa kwa mahali ilipo, kama 5000), na kinachoweza kuachwa kiwe chaguo lenye vistari viwili mbele.

```
import argparse

def kiasi_halali(s):
    n = int(s)
    if n <= 0:
        raise argparse.ArgumentTypeError(
            "kiasi lazima kizidi sifuri")
    return n

p = argparse.ArgumentParser(description="Daftari la duka")
amri = p.add_subparsers(dest="amri", required=True)

weka = amri.add_parser("weka", help="ingiza mauzo")
weka.add_argument("kiasi", type=kiasi_halali)
weka.add_argument("--maelezo", default="")
weka.add_argument("--mkopo", action="store_true")

amri.add_parser("salio", help="onyesha salio")

a = p.parse_args()
```

Usiache `required=True`, inayokubalika hapo tangu Python 3.7, kwa sababu bila hiyo mtu asiyetaja amri yoyote hupita kimyakimya, na `a.amri` hubaki `None`.

Sehemu inayostahili uangalifu mkubwa ni `type`. Ungeweka `int` peke yake, neno "elfutano" lingekataliwa, lakini `weka -500` ingekubaliwa, kwa kuwa `argparse` huona kwamba hakuna chaguo lililosajiliwa lenye sura ya namba hasi na hivyo huihesabu -500 kuwa hoja ya kawaida. Daftari la mauzo likiingiwa na namba kama hiyo, kosa litagunduliwa siku ya kufunga hesabu, ilhali hapa mlangoni mistari michache tu inatosha kulizuia. Hoja ikikataliwa, ujumbe hutolewa kwenye mkondo wa makosa na programu hufunga kwa msimbo 2, jambo linaloziwezesha skripti nyingine kujua kwamba amri haikutekelezwa.

Kwa jambo la ndiyo au hapana, kamwe usitumie `type=bool`: Python huhesabu maandishi yoyote yasiyo matupu kuwa kweli, kwa hiyo hata neno "False" litakuwa kweli. `store_true`, inayoweka `True` pale tu chaguo linapoandikwa, ndiyo njia sahihi. Thamani ya chaguo ikianza na kistari, mwelekeze mtumiaji aiunganishe kwa alama ya sawasawa, yaani `--maelezo=-punguzo`.

Ili kujaribu haya yote bila kufungua terminali kila mara, mpe mchambuzi `p` orodha yako mwenyewe, kwa mfano `p.parse_args(["weka", "5000", "--mkopo"])`, kisha hakiki kwamba `kiasi` ni namba 5000 na `mkopo` ni `True`.